Binti Wawili na Kitabu cha Ukoo

Mara nyingi wazee wa usharika huuliza: Je, yafaa kijana Mkristo asome vitabu vya hadithi za mapenzi? Wengine wasema havifai hata kidogo, maana vyawasha moto usio na meko. Wengine wasema ni maneno ya kupitisha saa tu, hayana faida wala hasara. Katika somo hili twataka kuonyesha njia ya tatu. Ziko hadithi za mapenzi ambazo mwandishi hakuishia siku ya arusi, bali aliwafuata mume na mke mpaka uzee wao, akawafuata na watoto wao, apate kuona mbegu iliyopandwa siku ya uchumba imezaa nini. Hadithi za namna hii zamfaa mzazi kama zimfaavyo kijana.

Twachagua mbili zenye sifa kubwa. Ya kwanza iliandikwa na Thomas Mann wa Ujerumani, nayo yaitwa Buddenbrooks; ilitoka mwaka 1901. Ya pili iliandikwa na Sigrid Undset wa Norwei, nayo yaitwa Kristin Lavransdatter. Ilitoka katika vitabu vitatu, mwaka 1920, 1921 na 1922. Mama huyu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928, na Mann alipewa mwaka 1929. Habari zao si za kweli kama habari za Injili. Ni za kutungwa. Lakini Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano, nasi twaweza kujifunza katika mfano uliotungwa vizuri.

Shikeni jambo moja tangu mwanzo. Binti wa hadithi ya kwanza alimtii baba yake akaunyima moyo wake. Binti wa hadithi ya pili aliutii moyo wake akamdanganya baba yake. Wote wawili walilia. Basi na tuulize kwa nini.

I. Binti aliyetii

Buddenbrook ni jina la ukoo wa wafanya biashara wa nafaka katika mji wa Lübeck, nao ni Walutheri tangu mababu. Hadithi yaanza mwaka 1835. Binti mdogo, jina lake Tony, mwenye miaka minane, amekaa magotini pa babu yake, asema kwa moyo maelezo ya Imani katika Katekisimo Ndogo, mahali pale Luther aelezapo kwamba Mungu ametuumba na kutupa vyote tulivyo navyo, pamoja na shamba na mifugo. Mtoto aenda mbio kama maji ya mteremko. Babu yake amecheka. Amwuliza habari za shamba lake na ng'ombe wake, na gunia la ngano aliuza kwa bei gani, wapate kufanya biashara. Watu wote wacheka pamoja naye. Mwandishi hasemi neno la kulaumu. Lakini msomaji aona tangu ukurasa wa kwanza kwamba katika nyumba hii Katekisimo ipo, na biashara yaicheka.

Katika nyumba hiyo lilikuwapo daftari lililotunzwa kama kitu kitakatifu. Ndani yake kizazi baada ya kizazi waliandika habari za kuzaliwa, za ugonjwa, za ndoa na za kufa kwao. Ndicho kitabu cha ukoo.

Tony alipopata miaka kumi na minane, akaja mfanya biashara wa Hamburg, jina lake Grünlich, kumposa. Tony hakumpenda. Alimwona mnafiki tangu siku ya kwanza. Lakini baba yake aliiona faida ya kampuni, na mama yake aliuona uzuri wa maneno yake. Hata mchungaji alipanda mimbarani akahubiri kwa ukali juu ya mke kuwaacha baba na mama na kumfuata mume, na maneno yake yakamwelekea Tony waziwazi.

Wakampeleka Travemünde, kando ya bahari, apumzike. Huko akamwona kijana Morten, mwana wa mkuu wa marubani wa bandari, aliyekuwa akisomea uganga. Wakapendana kwa unyofu, wakaahidiana kungojeana mpaka amalize masomo yake. Grünlich alipopata habari, alikwenda kwa baba wa kijana akadai kwamba haki ni yake. Na baba wa Tony akamwandikia binti yake barua, akimkumbusha kwamba hawakuzaliwa kwa ajili ya furaha yao wenyewe, bali wao ni pete za mnyororo mmoja, na anayejitenga auvunja mnyororo.

Tony akarudi nyumbani. Asubuhi moja akafungua kitabu cha ukoo, akasoma habari za mababu zake, moyo wake ukajaa fahari. Hakuna aliyemshika mkono. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwamba amekubali kuolewa na bwana Grünlich mwaka 1845. Baba yake akampa mume huyo mali ya arusi, marki 80,000, maana katika nchi ile mali ilitoka upande wa binti.

Baada ya miaka michache Grünlich akafilisika. Hapo siri ikafunuka. Alimwoa Tony ili wadai wake wapate kumngojea. Baba alikuwa ameviangalia vitabu vyake vya hesabu. Vilikuwa vya uongo. Tena alikuwa amewauliza watu wa Hamburg habari za mkwe wake. Nao wale aliowauliza ndio waliokuwa wakimdai! Basi baba akamwuliza binti yake kama ampenda mumewe. Aliposikia kwamba hampendi, akamrudisha nyumbani pamoja na mtoto wake. Swali hilo alikuwa na nafasi ya kuliuliza kwa masikio yaliyo wazi kabla ya arusi, lisingemgharimu hata marki moja.

Tony akaolewa mara ya pili, na ndoa hiyo nayo ikavunjika. Ndugu yake Thomas, mrithi wa nyumba, alimpenda msichana maskini aliyeuza maua, akamwacha, akaoa mke mwenye mali nyingi. Wakapata mwana mmoja tu, Hanno, mtoto dhaifu. Siku moja mtoto huyo akakikuta kitabu cha ukoo kimefunguliwa mezani. Akatwaa rula na kalamu, akapiga mistari miwili chini ya jina lake, kama mtu afungavyo hesabu. Baba yake akamkasirikia, akamwuliza sababu. Mtoto akajibu kwamba alidhani hakuna kitakachofuata tena. Ikawa hivyo. Thomas akafa, kampuni ikafungwa, nyumba ikauzwa, na Hanno akafa kijana kwa homa ya matumbo.

II. Binti aliyeasi

Hadithi ya pili ni ya zamani zaidi, ya Norwei katika miaka ya 1300, kabla ya Luther kuzaliwa, watu walipokuwa wote chini ya Kanisa la Roma. Mwandishi mwenyewe aliingia katika Kanisa hilo mwaka 1924. Kwa hiyo Mlutheri atakuta ndani ya kitabu mambo ambayo hayashiki, kama kuwaomba watakatifu. Walakini habari za baba na mtoto, za mume na mke, ni zetu sote.

Kristin ni binti wa Lavrans, mwenye shamba kubwa liitwalo Jørundgaard, mtu mcha Mungu anayempenda binti yake kuliko macho yake. Lavrans alimchagulia mchumba, Simon, kijana mwema na mwaminifu. Kristin hakukataa. Akaomba tu akae mwaka mmoja katika nyumba ya watawa mjini Oslo kabla ya arusi. Huko akakutana na Erlend, mtu wa sura nzuri na ukoo mkubwa, lakini mwenye jina baya: alikuwa amekaa miaka mingi na mke wa mtu, akazaa naye watoto wawili. Kristin akampa Erlend moyo wake na mwili wake kwa siri. Simon akayajua, wala hakumwumbua, bali akamfungua katika uchumba wao. Lavrans alikataa muda mrefu, lakini alipomwona binti yake anyauka kwa huzuni, akakubali.

Siku ya arusi ikafika. Kristin akavaa taji na nywele zake zikaachwa wazi, kama desturi ya mabikira, naye alikuwa na mimba. Watu wote walimtazama wakamsifu, naye chini ya taji lile aliona kama kichwa chake chawaka moto. Usiku ule Lavrans akatambua aliyoyafanya mkwe wake. Na usiku uleule mkewe Ragnfrid, mama ya Kristin, akamfunulia siri aliyoificha maisha yote: kwamba naye alikwisha kumjua mwanamume mwingine kabla ya kuolewa na Lavrans. Basi katika saa moja mtu yule mwema aliona kwamba binti yake amemdanganya, na mke wake pia.

Je, Kristin alipata alichokitaka? Alipata. Erlend alimpenda mpaka kufa kwake. Alimzalia wana wanane. Lakini aliyekuwa mzuri wa kupendwa hakuwa mzuri wa kutunza nyumba. Kwa uzembe wake aliingia katika shauri la kumpinga mfalme, likafunuka, akanyang'anywa urithi wa baba zake. Kristin alibeba shamba, watoto na uchungu, tena hakuacha kumkumbusha mumewe makosa ya zamani, hata wakatengana. Gaute, mmoja wa wana wake, alipokuwa mtu mzima, akatorosha binti wa watu, kama vile Erlend alivyomchukua Kristin. Ndipo Kristin alipoelewa jinsi baba yake alivyoumia, maana sasa yeye ndiye mzazi.

III. Mzizi wa taabu

Msomaji wa haraka atasema: Hadithi ya kwanza yafundisha kwamba wazazi wasichague, ya pili yafundisha kwamba vijana wasichague. Sivyo. Angalieni tena. Lavrans alichagua, na Simon aliyemchagua alikuwa mtu mwema. Tony alichagua, na Morten aliyempenda alikuwa kijana mnyofu. Mzazi aweza kuchagua vizuri, na kijana aweza kuchagua vizuri. Ubaya haukuanza katika mkono uliochagua.

Ubaya ulianza katika kuficha. Grünlich alificha madeni. Baba wa Tony alijificha nyuma ya jina la ukoo, asione machozi ya mtoto wake. Kristin aliificha mimba chini ya taji. Ragnfrid aliificha siri yake miaka mingi. Wazee wetu husema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Ndoa ni nyumba. Ukiijenga juu ya jambo lililofichwa, kila mvua italiosha lile jambo mpaka lionekane, na watoto ndio watakaolala chini ya dari linalovuja.

IV. Shauri la Luther na mifano ya Maandiko

Mwaka 1524 Dk. Martin Luther aliandika kijitabu kifupi juu ya jambo hili hili. Mafundisho yake yana pande mbili. Upande wa kwanza: wazazi hawana ruhusa ya kuwashurutisha watoto wao kuoa au kuolewa, wala kuwazuia wasioe. Upande wa pili: watoto wasiahidiane ndoa bila wazazi wao kujua na kukubali. Angalieni jinsi neno hili liwajibuvyo wote wawili: la kwanza lamkemea baba wa Tony, la pili lamkemea Kristin. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Juni 1525, Luther mwenyewe alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto sita.

Hivyo Amri ya Nne na Amri ya Sita zakaa pamoja. Mtu asiitumie Amri ya Nne kuvunja moyo wa mtoto, wala asiitumie tamaa ya moyo kuivunja Amri ya Sita. Mtume Paulo akiwaandikia Waefeso mlango wa 6 awaagiza watoto kutii, na papo hapo awakataza akina baba kuwachokoza watoto wao.

Someni pia Mwanzo mlango wa 24. Mtumishi wa Abrahamu amekwisha kutoa zawadi, baba na kaka wamekwisha kukubali. Hata hivyo kabla ya safari wamwita Rebeka, wamwuliza yeye mwenyewe kama atakwenda na mtu huyu. Ni swali fupi sana, nalo ni la thamani kuliko zawadi zote zilizotolewa. Kisha someni kitabu cha Ruthu mlango wa 4. Boazi hakufanya jambo lake gizani, bali alikwenda mlangoni pa mji, akaketi mbele ya wazee kumi, akasema yote mbele ya mtu mwenye haki ya kwanza. Moyo ulikuwapo, na mashahidi walikuwapo. Hapakuwa na kitu cha kufichwa.

V. Urithi ni nini?

Nyumba ya Buddenbrook ilidhani urithi ni jina, na mali, na kitabu cha ukoo. Ilitoa watoto wake wawe dhabihu kwa ajili ya kitabu, mpaka kitabu kikakosa mtu wa kuandikwa. Kristin alipata urithi mwingine. Baba yake aliyedanganywa alimsamehe kabla ya kufa. Na Kristin naye, Gaute alipomleta nyumbani yule binti aliyemtorosha, alimpokea.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Mwaka 1349 tauni ikaingia Norwei. Kristin, mjane sasa, alikuwa katika nyumba ya watawa karibu na Nidaros. Usiku mmoja watu waliopagawa kwa hofu walitaka kumzika hai mtoto maskini ili tauni iondoke. Kristin akamwokoa, akaenda mwenyewe kuitafuta maiti ya mama ya mtoto, izikwe kama inavyostahili binadamu. Tauni ikamshika. Alipokuwa akifa aliitoa pete yake ya arusi, na katika kidole chake ikabaki alama, herufi M, iliyokuwa imechorwa ndani ya pete kwa ajili ya jina la Mariamu. Akaona katika alama ile kwamba Mungu alimshika kuwa mtumishi wake siku zote, hata alipokuwa akimkimbia.

Na nyumba ya Buddenbrook? Mwishoni wanawake wachache wameketi kwa huzuni, Tony kati yao. Auliza kama kweli wafu wataonana tena. Ndipo mwalimu wake wa zamani, mwanamke mzee, mfupi, mwenye kibiongo, asimama, aipiga meza kwa mkono, ashuhudia kwamba ndivyo ilivyo. Kitabu chaishia hapo. Mali imekwisha, jina limekwisha. Kilichobaki ni ungamo la mwalimu mmoja. Walimu wa usharika, lishikeni neno hili mioyoni mwenu.

Sisi nasi tuna kitabu cha ukoo kilicho bora. Fungueni Mathayo mlango wa 1. Kati ya mababu wa Bwana wetu wametajwa Tamari, na Rahabu, na Ruthu mgeni, na mke wa Uria. Mwinjilisti hakuwaficha. Mungu haogopi kuandika ukweli wa nyumba, kwa kuwa ukoo ule hausimami kwa usafi wa watu wake, bali kwa rehema zake. Na mtoto akipigwa mistari miwili chini ya jina lake katika kitabu cha dunia, jina lake laweza kuwa limeandikwa katika Kitabu cha Uzima.

VI. Mashauri manne

Kwanza. Kabla barua ya posa haijajibiwa, binti aulizwe peke yake, na mtu anayemwamini, kama bibi yake au shangazi yake. Tena aulizwe mahali ambapo neno la kukataa laweza kusemwa bila hofu. Kunyamaza kwa aibu kusihesabiwe kuwa kukubali.

Pili. Habari za mchumba ziulizwe kwa watu wasio na faida katika ndoa hiyo. Mahari, na mali yo yote ya arusi, iwe heshima kati ya nyumba mbili, isiwe dawa ya madeni.

Tatu. Mhubiri asiitumie mimbari kumsukuma mtu mmoja. Aliye na neno kwa binti au kijana, aende akaketi naye, amsikilize kwanza.

Nne. Kijana aliyekwisha anguka asivae taji la uongo. Na aje kwa mchungaji wake na kwa wazazi wake, aseme kweli. Na mzazi, akisikia, amkumbuke Lavrans. Maumivu ya siku hiyo yatakuwa makali, lakini yatapona. Maumivu yaliyofichwa huwangoja wajukuu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika mkutano

1. Baba wa Tony alimwuliza binti yake swali la upendo baada ya nyumba kuvunjika. Katika nyumba zetu swali hilo huulizwa lini?
2. Kristin alimpata aliyemtaka, lakini hakupata amani. Alikosa nini?
3. Soma Mwanzo 24 na Ruthu 4. Ni mambo gani yalifanywa waziwazi, na mbele ya nani?
4. Ukoo wako umekurithisha nini kilicho kizuri? Ni jambo gani lililofichwa ambalo lafaa likomee kwako, lisiwafikie watoto wako?

Basi, ndugu, mkimwona kijana ameshika kitabu cha hadithi ya mapenzi, msimnyang'anye upesi. Mwulizeni hadithi yaishia wapi. Ikiwa yaishia arusini, mwambieni kwamba hapo ndipo ya kweli yaanzapo, mkaketi naye, mkamsimulie ya kwenu. Mungu azibariki nyumba zenu. Amina.